Kibena si Namba

Mwenye kutaka kuijua lugha ya Kibena kwa njia ya Kiswahili hana pengi pa kwenda. Ataelekea kwenye Wikipedia, kamusi elezo huru iliyoanza kwa Kiswahili mwaka 2003, na huko, kwa miaka mingi, wasomaji wamekuta mistari michache tu: kwamba Kibena ni lugha ya Kibantu, kwamba huzungumzwa na Wabena nchini Tanzania, kwamba wasemaji wake wanakadiriwa kuwa idadi fulani, na kwamba katika mpango wa Malcolm Guthrie kimo katika kundi la G60. Mpango huo wa Mwingereza, uliozipanga lugha za Kibantu kwa kanda, umekipa Kibena namba yake, G63, baina ya Kihehe na Kipangwa. Hapo maelezo hukoma. Msomaji huufunga ukurasa akiwa hajui hata namna Wabena wanavyoamkiana.

Na aisomaye habari hii akiwa Unguja au Pemba asiharakishe kusema haimhusu. Kwa Guthrie huyo huyo Kiswahili nacho ni G42. Kiamu, Kimvita na Kiunguja wametofautishwa kwa herufi ndogo tu mwishoni mwa namba. Mshairi gani wa visiwani angekubali lugha yake ielezwe hivyo, kisha ikaachwa? Angesema, na angesema kweli, kuwa huo ni uorodheshaji wa bidhaa ghalani. Basi lisilopendeza kwa nafsi lisitendewe jirani.

Wako wasemao kuwa mambo haya ni heri yaachwe. Kiswahili, wasema, ndicho kilichowaunganisha Watanzania, na kuzitukuza lugha za makabila ni kuufufua ukabila uliokwisha zikwa. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini imepotoka njia. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe inawataka wananchi wajivunie lugha za jamii zao, na inahimiza zifanyiwe utafiti na kuandikiwa kamusi na vitabu vya sarufi. Tena Kiswahili hakikukua kwa kuwafungia jirani mlango. Neno ikulu limetoka Unyamwezi. Neno ngeli, ambalo hapana mwalimu wa sarufi awezaye kufundisha bila ya kulitumia, limetoka kwa Wahaya. Mtu asiyeweza kumweleza jirani yake hajaungana naye. Amezoea tu kupishana naye njiani.

Kundi la pili ni la wenye nia njema. Hao huona makala ni fupi, wakaichukua ya Kiingereza na kuifasiri kifungu kwa kifungu. Makala hurefuka, na watu hupongezana. Lakini makala ya Kiingereza imeandikwa kwa ajili ya Mwingereza. Yeye lazima aambiwe kuwa nomino za Kibena zimegawanyika katika ngeli, na kuwa kitenzi hufuata ngeli ya mtenda. Kumweleza hayo msomaji wa Kiswahili, kwa kirefu na kwa mshangao, ni kumweleza mvuvi kuwa bahari ina chumvi. Analohitaji yeye ni kuonyeshwa pale ndugu wawili hawa wanapoachana. Aambiwe kuwa wenyewe huiita lugha yao Hibena, kwani ki- ya Kiswahili kwao ni hi-. Aambiwe kuwa Kibena ni lugha ya toni, jambo ambalo Kiswahili sanifu hakina. Aambiwe kuwa wakati uliopita wameugawa kwa ngazi, lililotendeka karibuni likatengwa na la zamani katika umbo lenyewe la kitenzi. Aambiwe kuwa Mbena na Mhehe husikilizana, na kwamba salamu ya Kamwene huwatosha wote wawili. Makala ya namna hiyo hakuna Mwingereza awezaye kuiandika, wala hana haja nayo.

Na hapa utazamwe mfano wa mbali. Kiwelisi ni lugha ya nchi ya Welisi, magharibi ya Uingereza. Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu wasemaji wake huko kuwa 538,300 hivi. Wasemaji wa Kibena, kwa makadirio ya wataalamu mwanzoni mwa karne hii, walizidi nusu milioni. Basi ni lugha mbili za kimo kimoja. Lakini Wawelisi walikuwa na kamusi elezo kwa lugha yao, Y Gwyddoniadur Cymreig, iliyotolewa na mchapishaji Thomas Gee katika majuzuu kumi baina ya 1854 na 1879. Zama hizo hizo, katika baadhi ya skuli zao, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa kibao shingoni. Leo mtu yeyote apendaye kuitengeneza makala juu ya Kiwelisi, kwa lugha yoyote, hukuta rafu zimejaa. Tofauti ya Kiwelisi na Kibena si ubora wa lugha, wala wingi wa watu. Tofauti ni karatasi.

Kwani kamusi elezo ina sharti lake, nalo ni la haki: kila neno liwe na ushahidi uliochapishwa. Ushahidi wa Kibena uko wapi? Martin Priebusch aliitoa sarufi yake ya Kibena na Kihehe mwaka 1935, kwa Kijerumani. Mwaka huo huo wakina Culwick walitoa kitabu juu ya Wabena wa bonde la Kilombero, chenye sura ya Mtema Towegale Kiwanga, kwa Kiingereza. Kitabu cha James Giblin juu ya historia ya watu wa Njombe, cha 2005, ni cha Kiingereza. Sarufi ya Michelle Morrison, ya 2011, iliandikwa kwa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Kazi hizo ni za thamani na wenyewe washukuriwe. Lakini matokeo yake ni kwamba mwalimu mstaafu wa Njombe, aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo, akiandika alijualo hufutiwa kwa kukosa ushahidi, na mgeni aliyelisikia kwa mzee kama yeye akalichapa ng'ambo, hukubaliwa.

Wakati nao hausubiri. Njombe imekuwa mkoa tangu 2012, na sensa ya 2022 imewahesabu watu wake 889,946. Lakini tangu 1967 sensa haimuulizi mtu kabila lake, kwa hiyo hakuna ajuaye kwa hakika wangapi wanakisema Kibena. Makambako ni njia panda: barabara ya Songea huachana hapo na ile ya Tunduma, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Wakinga, Wahehe, Wabena na wengine hukutana sokoni, na lugha ya kuuziana ni Kiswahili. Mtoto akulaye karibu na stesheni hutoka skuli na Kiswahili, akacheza kwa Kiswahili, na Kibena kikabaki cha bibi yake aliyeko Lupembe. Hilo si kosa la mtoto, wala si kosa la Kiswahili. Litakuwa kosa la Kiswahili iwapo kitachukua nafasi ya lugha kisha kisiwe na hata ukurasa mmoja wa maana wa kuieleza.

Dawa haianzi kwenye makala. Inaanza kabla yake. BAKIZA limekwisha kuonyesha njia kwa kutoa kamusi za Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu, lahaja zilizokuwa zikidharauliwa na wenye Kiswahili sanifu. Waliofanya hivyo kwa lahaja zao wanajua kazi ilivyo. Wazee wa Njombe waandike, majarida ya Kiswahili yawachapishe, na wafasiri wazilete nyumbani sarufi zilizokaa Ujerumani na Marekani. Hapo makala itakuwa na ushahidi wa kuegemea, na atakayekuja kuitengeneza hatakuwa tena na kisingizio cha kuanza na namba.