Familia Sawa, Lakini Mtoto Alipwe!

Klipu za sarakasi zinapendwa kinoma mitandaoni. Binti anajirusha kutoka kwenye bembea, kaka yake anamdaka hewani, watu wanamwaga makopakopa, halafu wanapita kwenye video nyingine. Wachache wanajiuliza: taa zikizimwa, huyo binti anafanya nini?

Anapiga kazi, bana. Kwenye sarakasi za familia zinazozunguka mji hadi mji hakuna staa wa kukaa tu. Anayepaa hewani usiku unaweza kukuta ndiye aliyekuuzia bisi mlangoni. Siku ya mwisho onyesho likiisha, nguo za kung'aa zinavuliwa, hema linashushwa, vyuma vinapakiwa kwenye malori, safari inaanza. Nyumbani kwao ni kwenye trela, na mara nyingi hata masomo ni humo humo.

Wapo watakaosema ndivyo ukoo unavyodumu, na wana hoja. Familia ya Knie ya Uswisi iko kwenye fani hii tangu 1803, na hadi leo wenyewe ndio wanaoiendesha. Watoto wasingerithi, biashara ingekufa kitambo.

Ila undugu huo una bei yake. Januari 1962, mjini Detroit, Marekani, piramidi ya watu saba ya ukoo wa Wallenda ilianguka kutoka kwenye kamba, chini hakuna wavu. Wawili walifariki, mwingine akapooza. Kwao msiba wa kazini ndio huo huo msiba wa nyumbani. Na bado kamba haikuachwa, ukoo ukaendelea kupanda.

Hapo ndipo neno "sisi ni familia" linapotakiwa kuangaliwa vizuri. Hata huku mtaani linajulikana: kijana anashinda dukani kwa mzee toka asubuhi, akiulizia hela anajibiwa, "Kwani unakula kwa nani?" Kwenye sarakasi ni mbaya zaidi, maana mtaji ni mwili wenyewe. Goti likiharibika, kula bure hakumsaidii kitu.

Kwa hiyo mtoto wa ukoo akishakuwa mtu mzima apewe mshahara wake, bima yake, na ruhusa ya kusema "mimi basi" bila kuitwa msaliti. Akibaki, abaki kwa kupenda.

Makofi hayalipi hospitali. Haya wadau, kwenye biashara ya familia yenu, nani analipwa na nani anaambiwa avumilie?