Nahodha Mmoja, Macho Mengi



Wahenga wametuachia methali kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Majumbani mwetu hutumiwa mara nyingi kufunga mjadala: baba amekwisha sema, mama na watoto wanyamaze. Juma hili tungependa kuipima methali hiyo baharini, katika mashindano ya mashua ya Lamu.

Wakati wa sherehe za Maulidi, na pia katika tamasha la utamaduni la Lamu, mashua hushindana kwa tanga tupu, bila mashine, zikizunguka maboya. Upepo ukiwa nyuma, kila nahodha huonekana hodari. Mtihani huja pale chombo kinapoukabili upepo, kwani hapo hakuna awezaye kwenda moja kwa moja. Sharti kibishe: kiende mshazari upande huu, kipinduliwe, kiende mshazari upande wa pili, hadi kifike.

Kila mpinduo ni kazi ya wengi. Mmoja huilegeza demani, wengine huivusha foromali upande wa pili wa mlingoti, wengine huhamisha farumi, na waliokaa juu ya ubao uliotokeza nje hurudi ndani upesi. Nahodha, mkono usukanini, hawezi kuyafanya hayo peke yake. Kazi yake ni kutoa amri moja, kwa wakati wake. Lakini kabla ya kuamuru amekwisha kusikiliza. Aliyeko omo huona fungu kabla ya aliyeko tezi, na afuaye maji, hata akiwa mdogo wa wote, ndiye wa kwanza kujua kuwa chombo kinavuja.

Basi methali yetu inakataza amri mbili wakati wa kupindua. Haimwamuru nahodha awe kiziwi.

Sisi tulioko Bumula, katika Kaunti ya Bungoma, tuko mbali na bahari, lakini upepo wa mbele tunaujua. Malipo ya miwa yakichelewa na muhula wa shule ukiwadia, baba aweza kukopa kwa siri au kukodisha shamba bila kumwambia mtu. Mama huja kupata habari siku mwenye deni anapobisha hodi. Hapo nyumba huyumba, si kwa ukali wa upepo, bali kwa sababu mabaharia hawakujua kuwa chombo kinapinduliwa.

Baba mwingine huwakusanya watu wake mapema. Mama hueleza deni la dukani na akiba ya chama. Kijana husema kuwa yu radhi kusoma shule ya kutwa kwa muhula mmoja. Kwa mtazamaji aliye ufukoni, huko ni kurudi nyuma. Kwa baharia, huko ni kubisha: chombo kimeelekea kando, lakini safari ni ile ile.

Ushauri una adabu yake pia. Uamuzi ukishapitishwa, kila mmoja na ashike kamba yake, hata yule ambaye rai yake haikufuatwa. Anayenung'unika katikati ya mpinduo huhatarisha wote.

Kwa hiyo, kabla ya uamuzi mzito ujao, tuwaulize waliomo chomboni wanaona nini. Na tuanze na yule afuaye maji.

Wabillahi tawfiq.