«Sisteme imekatala» si jibu

Vijana wenzetu wa Kasuku, na ninyi wa Mikelenge na Alunguli, hakuna kati yetu asiyelijua neno hili. Umepanga foleni tangu asubuhi, umefika dirishani, na kijana aliye mbele ya kompyuta anakuambia bila kuinua macho: sisteme imekatala. Basi. Urudi kesho. Yule aliyetoka Alunguli alishalipa mtumbwi wa kuvuka mto, atalipa wa kurudi, na kesho ataanza tena.

Sisteme imekatala nini? Pengine mtandao umekatika. Pengine betri imeisha. Pengine jina liliandikwa vibaya na fundi anaona uvivu kuanza upya. Kila jambo lina jibu lake: hapa ungoje kidogo, hapa urudi Jumatatu, hapa ulete karatasi ya zamani. Mwananchi akiambiwa ukweli atajipanga. Asipoambiwa, anabaki amesimama pale, na ndipo mtu mwingine anamkaribia pole pole na kumnong'oneza kwamba kwa matabishi kidogo sisteme inaweza kukubali.

Njo maana sisi hatuoni kusikiliza na kueleza kama mapambo ya kazi ya informatiki. Pale ambapo hakuna anayeeleza, kuna anayeuza.

Tuchukue uandikishaji wa wapiga kura. Huku Maniema CENI ilianza tarehe 16 Februari 2023, pamoja na Kivu zote mbili, Ituri, Tshopo na Uele zote mbili. Kadi ya mpiga kura kwetu si ya kura tu, ndiyo kitambulisho: unaionyesha benki, unaionyesha kwa polisi njiani, unaionyesha ukichukua namba ya simu. Sasa fikiria majina yetu. Asumani, Assumani, Asmani. Ramazani, Ramadhani. Mzee anayeitwa hivyo tangu azaliwe hawezi kukutajia herufi moja moja, na diploma ya mwanawe ina Assumani yenye s mbili. Opereta mwenye haraka anaandika anavyosikia. Opereta mzuri anauliza: baba, una karatasi yoyote ya zamani? Kisha anageuza kioo cha kompyuta, anasoma jina kwa sauti, anangoja mzee akubali, ndipo anachapisha. Ni nusu dakika tu. Ile nusu dakika ikikosekana, mtu atabeba jina lisilo lake kwa miaka.

Tena kumbukeni kura ya tarehe 30 Desemba 2018. Zilikuja mashini za kupigia kura kutoka Korea Kusini, zaidi ya 100 000 kwa nchi nzima. Upinzani ulikuwa umeshaziita mashini za wizi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: unagusa sura ya mgombea wako, mashini inachapisha karatasi, unaitia sandukuni. Lakini kwa mama ambaye hajawahi kugusa simu ya kioo, ni mlima. Kuna namna mbili za kumsaidia. Unaweza kumfundisha kabla, nje, kwa picha ya mfano, halafu akaingia peke yake. Au unaweza kunyoosha kidole chako mahali pa kidole chake, na hapo siri ya kura yake imekwisha. Mafundi wawili wanaweza kuijua mashini sawasawa, na mmoja akalinda kura, mwingine akaiharibu.

Na ile RAM? Septemba 2020 tulianza kukatwa unite kwenye simu zetu, ati kusajili simu na kupambana na za bandia: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa 3G na kuendelea. Kiteknolojia ilifanya kazi vizuri, ilikata kweli kweli! Wananchi wakapiga kelele, wabunge wakamhoji waziri, na mwaka 2022 ikaondolewa. Hata wangetueleza vizuri tungeikataa. Ila kama wangelazimika kutueleza mapema, uso kwa uso, ingeonekana siku ya kwanza kwamba maelezo hayasimami.

Kuna wenzetu wanatuambia: ninyi mnaongea adabu wakati mji hauna umeme wa kutosha. Ni kweli, maneno matamu hayawashi taa, na hatutaacha kudai umeme na mtandao. Lakini hatuombi matabasamu. Walaji wa matabishi wanatabasamu sana. Tunaomba mtu anayesikiliza hadi mwisho, anayesema «sijui, ngoja niulize», anayekubali kosa lake mbele ya mwananchi na kulisahihisha bila kulipwa.

Kwa vijana wa informatiki: hatuwalaumu peke yenu. Wengi mlisoma kwa Kifaransa, kwa karatasi, na mtihani haukuwahi kuwauliza mngemwelezaje mama wa sokoni, kwa Kiswahili, kwa nini pesa ya simu imeenda namba nyingine na afanye nini sasa hivi. Mjifunze hayo wenyewe. Hapo Kindu ndipo mtakapopata kazi, kuliko kwa kuongeza programu ya tano kwenye CV.

Kwa wanaoajiri, hasa wale watakaoandaa uandikishaji kabla ya uchaguzi wa 2028, tunadai mambo haya. Orodha ya waliochaguliwa ibandikwe hadharani, tujue kama ni uwezo au ni undugu. Mtihani wa opereta usiishie kwenye kibodi: awekwe mbele ya mzee asiyejua kusoma, na mzee aulizwe kama ameelewa. Na kwenye kila dirisha la serikali, huduma ikisimama, iandikwe kwa Kiswahili sababu ni nini, itarudi saa ngapi, na bei halali ya huduma ni franka ngapi.