Upepo wa Singida usipite bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu umeme wa upepo na jua katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

Mimi ni mkulima wa alizeti hapa Singida. Kwa zaidi ya miaka 10 tumekuwa tukielezwa kwamba upepo unaotujaza vumbi utazalisha umeme. Nyaya za kilovolti 400 kutoka hapa hadi Isinya, Kenya, ziliwashwa Desemba 2024, hivyo njia ya kuuziana umeme na majirani ipo.

Lakini mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Karibu na Ziwa Turkana wenzetu wa Kenya walisimamisha mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini ilikaa bure zaidi ya mwaka mzima kwa sababu nyaya za kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, zilikuwa hazijakamilika. Umeme ulianza kupita Septemba 2018. Tena wananchi wa huko walifungua kesi ya ardhi mwaka 2014, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilitolewa bila kufuata sheria.

Sisi la nyaya tumelitangulia. Limebaki la ardhi. Nashauri wahusika waitishe mikutano ya vijiji kabla ya kupiga vigingi, waseme wazi wanataka ekari ngapi, fidia ni kiasi gani na italipwa lini, na kama tutaruhusiwa kulima katikati ya mitambo. Mkulima aliyeelezwa mapema hana sababu ya kwenda mahakamani.

Wapo watakaosema kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, linatutosha. Ni kweli limetusaidia sana. Hata hivyo bwawa hutegemea mvua, na sote tunaukumbuka mgawo wa mwaka 2023. Huku kwetu kiangazi ndicho kipindi cha upepo mkali na jua kali. Basi maji yakipungua, upepo wa Singida na jua la Kishapu viyasaidie, na ziada wauziwe majirani.

Tusingoje mgawo mwingine ndipo tukumbuke upepo.

Mkulima wa Alizeti,
Singida.