Amekuja Kusoma, au Amekuja Kuteka Maji?

Wako watu hapa Kisangani wanaonung'unika wakisema: "Watoto wa kijijini wamezidi mjini. Kila mmoja anakuja kusoma, na chakula ni kidogo." Neno hili lastahili jibu, maana si la haki, tena lina siri ndani yake.

Kwanza waulizwe: mji huu ulijengwa na nani? Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison alianzisha misioni ya Saint-Gabriel karibu na maporomoko, na misioni ilikuja na shule yake. Baadaye kalamu ikatoa makarani wa bandari, wa posta na wa reli ya Ubundu. Patrice Lumumba alizaliwa Onalua, mbali na hapa. Alifika mwaka 1944, mji ukiitwa bado Stanleyville, akapata kazi ya posta kwa kuwa alijua kusoma na kuandika. Mwaka 1963 ndugu zetu Waprotestanti walifungua chuo kikuu hapa. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na vile vya Kinshasa na Lubumbashi, na tangu 1981 kinasimama peke yake. Vijana wa Uele, Ituri, Maniema na Kivu walikifuata. Wengi hawakurudi kwao: walioa, wakajenga, wakawa walimu na madaktari wetu. Basi, anayemdharau mgeni wa masomo huenda anamdharau baba yake mwenyewe.

Sasa siri. Baadhi ya wanaonung'unika ndio waliokwenda Opala au Banalia kumwambia ndugu yao: "Nipe binti yako, nitamsomesha." Mtoto akaletwa. Asubuhi watoto wa nyumba hiyo wanashika madaftari. Yeye anashika ndoo. Wao wako darasani. Yeye yuko sokoni na sinia ya chikwangue kichwani. Je, huku ndiko kusomesha?

Watajibu: "Pesa hakuna." Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 43, yasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kuitekeleza. Na kama pesa za sekondari ndizo zilizokosekana, mbona hukumwambia baba yake wazi, bali ulimwachia mtoto ndoo ukanyamaza?

Wengine hujitetea kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vema! Lakini jembe la aliyekuja kusoma ni kalamu. Kazi za nyumbani azifanye, ndiyo, pamoja na watoto wako, baada ya shule.

Nawe mzazi uliyebaki kijijini, usitosheke na salamu na kitenge cha Noeli. Mwaka wa shule ukiisha, dai buletini ya mtoto wako, uisome au usomewe. Buletini isipoonekana, panda mtumbwi au baiskeli, uje umwulize ndugu yako mbele ya wazee: binti yangu ulimchukua kwa kazi gani?