Kompyuta ya Maktaba Yataka Waya

Juu ya kompyuta ya mezani iliyomo maktabani maneno mengi yamesemwa, na mengine si ya haki.

Muhula uliopita nilikuwa kiranja wa maktaba. Jioni moja kijana wa Kidato cha Pili alikuwa akinakili filamu za masomo ya Biolojia kutoka kompyuta kuu ya shule, mara mashine ikaganda: kipanya hakisogei, saa ya kiooni imesimama. Nikaandika jina lake katika daftari la makosa, naye akakatazwa kuingia maktabani majuma mawili. Mimi ndimi niliyekosa.

Juma lililofuata nilinakili filamu zile zile mimi mwenyewe. Haikupita robo saa, ikaganda vile vile. Lakini ukisoma barua au gazeti, hufanya kazi mchana kutwa bila kisa. Nilipotazama orodha ya matukio ambayo mashine hujiandikia, mistari ya mwisho ilikuwa malalamiko ya kiendeshi cha mtandao usio na waya.

Kiendeshi ni programu inayopokea habari kutoka kile kidude cha mawimbi na kuziingiza katika kompyuta. Mashine yetu hutumia Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na humo viendeshi vingi hukaa ndani ya kiini chenyewe cha mfumo. Programu ya kawaida ikianguka, huanguka peke yake. Kiendeshi kikianguka, huweza kuangusha nyumba nzima. Filamu inapokuja, vifurushi vya habari huingia kwa maelfu, na kila kimoja chataka mahali pake katika kumbukumbu. Kiendeshi kikikosea hesabu mara moja tu, kikaandika mahali palipokwisha kupewa kazi nyingine, basi. Kosa la namna hii hujificha kazi inapokuwa chache. Ndiyo maana fundi aliyeitwa alifungua ukurasa mmoja, akasema mashine ni nzima, akaenda zake.

Wengine wasema inunuliwe kompyuta mpya. Siafiki. Kiendeshi kipya na kitiwe, ni vyema. Lakini nauliza, meza ile imehama lini? Wazee wetu waliita mitambo ya namna hii simu ya upepo. Upepo tuwaachie wenye simu za mkononi, ambao hawatulii mahali pamoja. Waya wa kawaida wa mtandao hufika meta 100, na toka ofisini hadi maktabani nimehesabu hatua 58. Ndugu zetu mliokwisha maliza shule, mkitaka kutuletea zawadi, leteni waya.

Yule kijana nimemwomba radhi, naye amenisamehe. Lakini jina lake bado limo katika daftari la makosa, nami sina ruhusa ya kulifuta. Mwenye ruhusa ni Mwalimu Mkuu, nami namwomba hapa, mbele ya wote, alifute.