Mjusi wa Chidya hahitaji taa

Leo naomba tuiache siasa kidogo, na bei ya korosho nayo isubiri. Nataka tuzungumzie mjusi. Ndiyo, mjusi! Usicheke kwanza, msomaji wangu, hapa pana hoja.

Huko Ulaya na Marekani kuna mjusi anayefugwa majumbani kama sisi tunavyofuga paka. Akikasirika, kidevu chake chenye miiba kinavimba na kuwa cheusi kama ndevu. Wataalamu wanamwita Pogona vitticeps, na kwao ni Australia. Video zake zimejaa kwenye simu, na vijana wetu wanaziona. Mmoja wa huku Chidya, mdogo wangu kiukoo, aliniambia: "Kaka, wewe si msomi? Nielekeze kutengeneza sanduku la kioo. Huyo wa Australia simpati, nitakamata mmoja pale kwenye mawe."

Hajakosea sana. Wale mijusi wetu wanaotikisatikisa vichwa juu ya mawe ni wa ukoo mmoja na huyo mwenye ndevu. Lakini hebu tuliangalie hilo sanduku.

Kwa mjusi mmoja mkubwa linatakiwa liwe na urefu wa sentimita 120 hivi, upana na kimo 60. Upande mmoja uwe na taa ya joto, pale anapoota pafike nyuzi 38 hadi 42. Upande wa pili uwe na ubaridi kiasi, nyuzi 25 hivi, ili achague mwenyewe. Halafu kuna taa ya pili, ya mionzi ya urujuanimno. Bila mionzi hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D ya kutosha, chokaa ya chakula haifiki kwenye mifupa, na mifupa inalainika mpaka anapinda. Taa hiyo huchoka kabla haijazimika: unaona inawaka, kumbe mionzi imekwisha.

Utasema, si nitaliweka sanduku juani? Thubutu! Kioo kinazuia mionzi hiyo lakini joto kinalifungia ndani. Mjusi atakufa kwa joto mchana mmoja tu.

Chakula je? Majani, na wadudu wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake, wakinyunyiziwa unga wa chokaa. Sasa huku kwetu mikorosho inapuliziwa salfa na dawa nyingine kila msimu. Panzi wa shambani unaweza kumlisha sumu bila kujua. Na kila ukimshika unawe mikono kwa sabuni, maana mijusi hubeba vijidudu vya salmonela. Kwenye uwanda huu wa Makonde, ambako kila ndoo ya maji ina hesabu yake!

Ukijumlisha yote utaona kichekesho. Mzungu ananunua sanduku, taa mbili na umeme wa saa kumi na mbili kwa siku ili apate kitu gani? Jua la Masasi na jiwe la Masasi. Anatengeneza Chidya ndani ya boksi. Sisi tuliopewa Chidya yenyewe tunataka kumtoa mjusi juani tumtie kwenye kioo!

Mimi napinga. Kwanza, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata ovyo bila kibali. Pili, tumeshaumia. Kule msitu wa Kimboza, Morogoro, yupo mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi. Alikamatwa kwa ajili ya masanduku ya Ulaya, hata miti anayoishi ikakatwa ili afikiwe. Leo yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imebanwa tangu 2017.

Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Mwaka 2022 wenye mifugo iliyobaki walitangaziwa miezi sita ya kuisafirisha, siku chache baadaye tangazo likasitishwa. Wapo walioumia kimaisha, sikatai. Lakini tazama Australia: imezuia biashara ya kuuza nje wanyama wake tangu miaka ya 1960, na mjusi wake bado amejaa dunia nzima kwa sababu wageni wanamzalisha wenyewe. Mawe yake hayajaachwa matupu.

Ninachoumia zaidi ni kwamba mtoto wa Ulaya anajua mjusi wake anataka nyuzi ngapi, wakati mtoto wa huku akimwona kinyonga anaokota jiwe. Walimu wa baiolojia, anzieni hapo. Wapelekeni wanafunzi kwenye mawe saa tatu asubuhi na kipimajoto na daftari. Waandike mjusi anaota saa ngapi, anakimbilia kivuli lini, anakula nini. Somo hilo halina bili ya umeme.

Wenye hamu ya kufuga, kuku wapo. Mjusi aachwe kwenye jiwe lake.